Yai Nyuma ya Goti

Niliyagundua maradhi yangu nikitafuta kitu kingine. Sindano iliniponyoka ikaanguka chini ya cherehani, nikachuchumaa kuitafuta, na goti la kulia likakataa kukunjika. Mwanzoni halikuuma, lilikataa tu. Nikapeleka mkono nyuma, pale kwenye kikunjo, nikagusa yai. Lilikuwa la mviringo, limejificha chini ya ngozi. Nikinyoosha mguu linakuwa gumu, nikiukunja kidogo linalegea na kupotea. Nilikaa sakafuni nikilibonyeza kwa muda mrefu, na jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa saratani wala kifo. Niliwaza: sasa watajua umri wangu.

Niseme mapema, maana ndio mzizi wa yote. Nilimzidi mume wangu miaka sita. Tulikutana upande wa Morogoro, yeye akiwa mkimbizi wa siasa aliyeondoka Afrika Kusini bado kijana, mimi fundi cherehani kutoka Tanga niliyekuwa nikishona sare za watoto wa wakimbizi wenzake. Nilikuwa nimeshaolewa na kuachika mara moja. Alipomwandikia mama yake kwamba ameoa, aliandika kuwa tuko rika moja. Aliniambia baadaye kwamba alifanya hivyo kunirahisishia njia, nami sikumkatalia. Basi mwaka wa tisini na tano, tulipohamia kwao Johannesburg, niliingia jijini nikiwa na miaka thelathini kwa mdomo na thelathini na sita kwa pasipoti. Pasipoti niliilaza chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga.

Tulipanga vyumba viwili Bertrams, nyuma ya nyumba ya zamani yenye bati jekundu. Uwanja wa mpira ulikuwa jirani, na siku za mechi kelele ziliingia mpaka ndani ya sufuria. Kila baada ya Jumapili moja tulikwenda Soweto kwa mama mkwe. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa amefanya kazi za ndani miaka thelathini kwenye nyumba za wakubwa huko Randburg, akipaka sakafu zao nta na kuzing'arisha kwa kitambaa, kwa magoti, chumba baada ya chumba. Hilo niliambiwa mwanzoni kabisa, na sikulitilia maanani.

Kwao mke wa mtoto wa kiume huitwa makoti. Siku ya kwanza nilicheka, maana kwetu hizo ni nguo za baridi, na mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikajifunza. Makoti hufunika kichwa na mabega. Hatamki jina la baba mkwe, hata kama baba mkwe yuko kaburini. Analizunguka kwa maneno mengine. Haya yote huyaita hlonipha, yaani heshima ya kujizuia: kuna kitu hukitazami, na kuna neno hulitaji. Na makoti akimpa mkubwa chai, hupiga magoti.

Ya kichwa na mabega nilitoka nayo nyumbani. Mama mkwe aliuona mtandio wangu akafurahi, akawaambia majirani kuwa mwanawe ameleta mtu aliyelelewa. Magoti ndiyo yalikuwa mageni kidogo, kwa sababu sisi pwani tunainama tu, lakini ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Kwa miaka minne nilishuka na trei ya vikombe sita, magoti yote mawili kwa pamoja, bila kijiko kulia. Mama mkwe alinitazama kwa fahari. Sikuwa na mama tena duniani, na fahari ile niliila kama chakula. Ndiyo iliyokuwa mali yangu katika mji ule, na ndiyo niliyoogopa kuipoteza.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaota yai nyuma ya goti.

Nilikwenda kwa daktari Randburg kwa sababu Randburg hakuna aliyenijua. Mume wangu nilimwambia napeleka magauni kwa mteja. Wakanipa fomu, na kwenye umri nikaandika arobaini, kisha nikaifunika kwa kiganja ingawa aliyekaa karibu yangu alikuwa mtoto mchanga. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya baridi. Alinilaza kifudifudi, akabonyeza, akaligeuza goti huku na huku, nikaisikia sauti ya kusagika ndani yake kama mchanga kwenye wali.

"Ni baridi yabisi," alisema, mimi nikilitafsiri neno lake kichwani. "Goti limeanza kulika. Likiwaka ndani linatengeneza maji mengi kuliko linavyohitaji, na maji yakikosa nafasi yanasukumwa nyuma. Hicho kifuko ni maji yaliyofurika."

Aliyanyonya kwa sindano. Yalikuwa ya rangi ya chai iliyopauka, mazito kidogo. Nilipoteremka kitandani mguu ulikuwa mwepesi hata nikataka kumkumbatia.

"Yatarudi," akasema. "Goti lisipotulia, yatarudi. Usibebe vizito, usichuchumae, usipige magoti."

Nikacheka. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Yalirudi kabla ya baridi kwisha. Asiyeujua mwezi wa saba wa Johannesburg anadhani Afrika ni joto tupu. Kule asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu na goti langu liliamka kabla yangu. Nilianza kushuka ngazi kiubavu. Barabarani, ile taa wanayoiita robot iliniwakia nyekundu kabla sijafika ng'ambo, na wenye teksi wakanipigia honi. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga, nikajifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na mishono yangu ikawa inakimbia na kusita. Usiku nililala na mto chini ya goti. Mume wangu ilibidi ajue. Akasema, "Mwambie Mama." Nikasema nitamwambia.

Swala nikaanza kuswali kwenye kiti. Hapo sikuwa na aibu, dini yetu ni nyepesi kwa mgonjwa: asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale. Binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, alizoea kunisogezea kiti na kuniwekea stuli ya kunyooshea mguu. Alikisikia Kiswahili chote ila alinijibu kwa Kizulu au Kiingereza, akanitengenezea stuli yangu akiimba nyimbo za shule ambazo sikuzielewa. Aibu niliihisi kwa watu tu. Maulidi za akina mama wenzangu wa Kitanzania niliacha kwenda, kwa kuwa pale watu hukaa mkekani na viti huwekewa mabibi. Nilituma maandazi na visingizio.

Kwa mama mkwe nilijua mbinu. Nilichelewa jikoni, nikaosha vyombo vilivyo safi, nikawaachia makoti wenzangu, wake wa shemeji zangu, wapeleke trei. Nilifanikiwa miezi kadhaa. Halafu ikaja Jumapili ambayo shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe, alikuja kutoka mbali, na makoti wenzangu wote wawili hawakuwepo.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu, aliyeyaona mambo yote na kuyasema nusu. Nilimpelekea chai nimesimama, nimeinama kwa adabu ya kwetu. Hakupokea. Aliangalia kikombe, kisha akamwambia ukuta, "Siku hizi chai inatoka juu kama mvua."

Mama mkwe aliinamisha macho, na niliona shingo yake imeshuka kwa ajili yangu. Ningeweza kusema goti linaniuma. Kizulu cha kusema hivyo nilikuwa nacho. Lakini shangazi alikuwa ameshaanza kunichunguza uso, pembe za macho, mikono, na tangu tulipofika nchini nilijua yeye ndiye aliyewahi kusema jikoni kwamba mpwa wake kaenda uhamishoni karudi na mtu mzima. Kiburi kikanitangulia. Maneno mazito nilizoea kumtumia binti yangu anitafsirie, nikamwita.

"Mwambie bibi hivi: dini yetu hairuhusu. Sisi tunapiga magoti kwa Mungu peke yake."

Binti yangu aliniangalia. Asubuhi ile ile alikuwa amenisogezea kiti. Kisha akageuka, akayasema kwa Kizulu kizuri, kilichonyooka, mikono yake nyuma kama mtoto anayejibu swali darasani. Nimetenda mengi maishani ya kutubia, lakini lile la kumpa mtoto uongo aubebe mdomoni ndilo linaloniamsha mpaka leo.

"Na miaka yote hii dini ilikuwa wapi?" shangazi akauliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Alikuwa mgeni," alisema. "Mgeni hufuata. Sasa ni wa nyumbani, anaweza kusema."

Akainuka, akanipokonya trei kwa upole, na kwa kuwa na yeye alikuwa makoti wa ukoo ule, akamshukia wifi yake kwa magoti. Yalilia. Goti moja kwanza, kisha la pili, sauti ya kijiti kikavu kinapovunjwa. Shangazi akapokea chai.

Tulikuwa garini tukirudi Bertrams.

"Ungesema tu," mume wangu alisema.

"Ungesema wewe. Wewe ndiye uliyeandika barua."

Binti yangu, kiti cha nyuma, akauliza kwa Kiingereza kama kesho nitaswali kwa kiti au chini. Nikamwambia anyamaze.

Tangu siku ile ikawa desturi. Kila palipokuwa na wageni, mama mkwe alisimama kabla yangu na kuchukua trei, akisema, "Huyu dini yake haimruhusu," kwa sauti ya mtu anayetaja cheo cha mwanawe. Na mimi nilikaa. Nilikaa nikisikiliza magoti yale yakishuka, na yakipanda, ambayo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu kupanda alishika meza. Mara nyingi nilijisemea Jumapili ijayo nitasema. Uongo nao una makuzi yake. Ukiulea miezi miwili huwezi tena kuutoa nje bila watu kuuona umenenepa.

Ilikwenda hivyo miaka miwili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilijivuta, labda kwa sababu nilichechemea.

Siku iliyoniumbua ilikuwa siku ya kazi, saa saba mchana. Nilikuwa naswali adhuhuri, kiti kimeelekea kibla, mguu wa kulia juu ya stuli, gauni limepanda na bandeji ya kuvutika inaonekana kuzunguka goti zima. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Nikasikia hatua, nikasikia mfuko wa plastiki ukiwekwa chini, na nikajua hatua zile ni za nani. Hakuwahi kuja bila taarifa. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa amepewa mboga za majani nyingi na jirani akaona aniletee kabla hazijanyauka.

Mtu akiwa ndani ya swala haulizwi. Mama mkwe alikaa kitandani nyuma yangu akangoja. Nami, Mungu anisamehe, nilipotoa salamu niliongeza rakaa mbili za sunna. Halafu mbili nyingine. Halafu mbili ambazo sijui niziite nini, nilizoswali kwa woga tu, nikisoma sura fupi kwa taratibu kama mtu anayekokota mzigo. Sijawahi kuswali sana vile wala vibaya vile. Mwishowe maneno yaliniishia, nikageuka.

Alikuwa ametazama mguu wangu muda wote.

"Mungu wenu anakubali kiti?" aliuliza.

"Anakubali, Mama. Kwa mgonjwa."

"Kwa mgonjwa," akarudia.

Akaja akachuchumaa, yeye, mtu wa miaka sitini na kitu, akapeleka mkono nyuma ya goti langu bila kuomba ruhusa. Vidole vyake vilifika kwenye yai moja kwa moja, bila kutafuta. Akalibonyeza taratibu, akalizunguka, akaliacha.

"Mimi lilinianza nikiwa na miaka arobaini na mbili," alisema. "Wewe ndiyo kwanza thelathini na saba."

Alinitazama usoni. Ule ulikuwa mlango, na aliushikilia wazi kabisa. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ningeingia pale nikalia kwenye bega lake, tukacheka sote wawili, tukalinganisha maumivu yetu mpaka chai ipoe.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Thelathini na saba."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka kwa kushika cherehani, akaniomba kisu, tukachambua zile mboga mpaka zikaisha. Alizungumza juu ya mvua na bei ya makaa. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka getini na alinikataza nisiende zaidi, akisema kuna ngazi.

Nilingoja ukoo mzima ujue. Jumapili iliyofuata nilikwenda nimeandaa mpaka maneno ya kuomba radhi. Wageni wakaja, mama mkwe akasimama, akachukua trei. "Dini yake haimruhusu," akasema, kwa sauti ile ile, akashuka.

Hapo ndipo nilipoonyesha roho yangu ilivyo. Sikushukuru. Nilikasirika. Niliona ananiadhibu, kwamba kila anaposhuka ananiambia, tazama, mwongo we, mimi goti langu ni bovu kuliko lako na linashuka. Nikawa namjibu kwa mkato. Nikapunguza kwenda, nikisingizia kazi nyingi za sare. Kwa muda nilimchukia mama yule kidogo, kwa kosa la kunijua. Nayaandika haya na uso unanichoma.

Mwaka mmoja ukapita hivyo. Kisha palikuwa na shughuli ya kumpongeza kijana mmoja wa ukoo, amemaliza chuo, nyumba imejaa mpaka uani. Shangazi alikuwepo, amekaa katikati ya wazee. Mama mkwe alitoka jikoni na trei kubwa, ya bilauri za kinywaji cha tangawizi, ameiegemeza kifuani kwa uzito. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Nikamwona anatafuta kwa mguu mahali pa kushukia, na kitu kikanipanda, sijui kama kilikuwa huruma au kiburi kingine. Nikavuka chumba, nikamchukulia trei mbele ya watu wote, nikapiga magoti.

Yai lilipasuka. Nilisikia kama mtu amenimwagia maji ya moto ndani ya mguu, yakishuka kutoka nyuma ya goti, kwenye shavu la mguu, mpaka kisiginoni. Trei ilifika mezani, hilo nalisema kwa majivuno ya kijinga niliyobaki nayo. Halafu nikalala ubavu kwenye zulia la mama mkwe.

Waliniinua. Mguu ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu, unang'aa. Nikasema msuli, msuli umekaza tu, si kitu. Nilisema hivyo kwa Kizulu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili asiwepo wa kukosa uongo wangu. Mume wangu akanipakia garini. Hospitali walihangaika kwanza kuhakikisha damu haijaganda mguuni, wakasema kifuko kimepasuka, maji yameteremka kwenye nyama, yatanywewa na mwili taratibu. Nililala nyumbani wiki tatu mguu juu. Mama mkwe alikuja kila siku ya tatu, teksi mbili kuja na mbili kurudi, akanipikia, akamfulia mjukuu wake nguo za shule. Neno goti halikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Hata mguu hakuutaja. Aliniuliza kama nimelala vizuri.

Nikaona ni jambo la ajabu kwamba pale Soweto pia hakuna aliyeuliza. Watu wale wanaouliza kila kitu, mbuzi kafa kwa nini, jirani kanunua nini, hawakuuliza makoti aliyeanguka mbele ya wageni kapatwa na nini. Nilijipongeza. Nilidhani ule uongo wa msuli umekaa.

Mama mkwe alifariki mwaka wa elfu mbili na sita, moyo, asubuhi, akiwa anakunja blanketi. Sitaandika mengi juu ya hapo.

Msiba wa kwao una godoro. Chumba hutolewa vitu vyote, godoro huwekwa sakafuni, na wanawake wa ukoo hukaa juu yake na kulizunguka, wamejifunika mablanketi, wakipokea wageni mpaka siku ya mazishi. Makoti hukaa chini. Nilipoingia, shangazi alikuwa kwenye godoro, mnyoofu kama zamani, makoti wenzangu pembeni yake. Na ukutani palikuwa na kiti kimoja, kiti cha jikoni cha mama mkwe chenye mto wa manjano niliomshonea mimi mwenyewe.

"Cha kwako," shangazi alisema. "Alisema upewe."

Nikasema nitakaa chini na wenzangu.

"Kaa. Alisema. Ni dini yenu."

Nikakaa. Wanawake wote walikuwa chini yangu, vichwa vyao usawa wa mapaja yangu, na mimi juu kama hakimu. Wageni waliingia, wakanitazama, wengine wakamtazama shangazi kuuliza, naye kila mara akasema kwa sauti ya chini kwamba dini yangu hainiruhusu. Nilihesabu mara tatu. Mara ya tatu sikuweza tena. Mgeni alipotoka nilimwinamia shangazi sikioni.

"Shangazi, si dini. Ni goti."

"Tunajua," alisema bila kugeuka.

Niliuliza tangu lini.

"Tangu siku ile ulipoanguka. Mlipoondoka kwenda hospitali alituita jikoni sote, wakubwa na watoto. Akasema makoti wangu ana ugonjwa asiotaka utajwe. Basi hautatajwa katika nyumba hii." Akavuta blanketi begani. "Akasema, yeye hajawahi kulitaja jina la baba mkwe wake tangu alipoingia hapa, na sisi tutashindwa kunyamaza neno moja? Tukamhlonipha. Tukakuhlonipha wewe."

Nilikumbuka ukimya wote ule niliojipongeza nao. Nilikumbuka Jumapili, trei, ile sauti ya fahari. Nilikuwa nimemchukia kwa hayo. Mtu alinistahi kwa heshima kubwa kuliko zote alizonazo, ile ambayo makoti humpa mkwe, akaigeuza akanipa mimi, na mimi nikadhani ni adhabu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia jirani wa miaka mingi wa mama mkwe, bibi mnene mwenye fimbo, pengine yule yule wa zile mboga. Akanitazama juu ya kiti. Shangazi akafungua mdomo, nami nikamwekea mkono begani.

"Ni goti langu, Bibi," nilisema. "Nina miaka arobaini na saba na goti langu ni bovu. Nilidanganya. Mama alipiga magoti badala yangu miaka sita."

Shangazi hakufurahi kwamba nimelitaja neno walilolinyamazia, nilihisi bega lake limekuwa gumu chini ya mkono wangu. Nilitegemea kusikia nafuu kifuani, na haikuja. Yule bibi alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaiegemeza fimbo yake ukutani karibu na kiti changu. Kisha akaanza kushuka kwenye godoro, mkono mmoja ukutani, na magoti yake yakalia, moja kwanza, kisha la pili.